Kinga ya Mifugo au Mkingiano?

Kuanzia Septemba 15, 2020, watu wa kaya tofauti walikatazwa kutembeleana majumbani katika Birmingham nzima. Kwenda kazini, dukani na shuleni kuliruhusiwa. Kilichokatazwa ni jirani kuingia sebuleni kwa jirani. Hapa Aston, sisi wasomaji wa Kiswahili tuliletewa karatasi ya ofisi moja ambayo sitaitaja, nayo ikaliita katazo hilo "marufuku ya kutotoka nje". Aya mbili chini yake ikaeleza kwamba wataalamu wanabishana kama nchi ifungwe au iachwe ipate "kinga ya mifugo", yaani herd immunity ya Kiingereza. Miaka imepita, lakini tafsiri hizo mbili hazikufa. Juzi nimezikuta tena katika orodha ya istilahi iliyopitishwa na kamati, tena kwa maelezo kwamba zimekubalika.

La kwanza nilimalize upesi. Kupiga marufuku kutotoka ni kuwaamuru watu wote watoke. Anayekataza aseme marufuku ya kutoka nje. Anayeamuru aseme amri ya kutotoka nje. Kosa hili lilienea tangu kafyu ya Kenya ya Machi 27, 2020, likasomwa hata na watangazaji ninaowaheshimu, na hakuna kamati iliyolikemea. Tena kafyu ni ya saa maalumu, na lokdauni ni jambo jingine. Ligi Kuu ya Uingereza ilirejea Juni 17, 2020 papa hapa Aston, katika uwanja wa Villa Park. Wachezaji walicheza na majukwaa yalikuwa matupu. Vizuizi bado vilikuwapo, na wala havikuhusu kutoka nje.

Wapo wanaosema karantini badala ya lokdauni. Neno hilo lina kwao: Venice, ambako merikebu zilisubirishwa siku 40 kabla ya abiria kushuka, na kwetu Unguja lina kisiwa chake kizima, Changuu, palipowekwa wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi. Karantini ni ya mtu anayeshukiwa, na siku zake huhesabiwa. Haiwezi kuwa ya taifa zima lisiloshukiwa. Mwingine, ambaye alipaswa kujua zaidi, amependekeza "utawa". Utawa ni staha ya hiari ya mtu aliyechagua kukaa ndani. Hauna polisi, wala faini iliyoanzia pauni 60. Lokdauni iachwe ilivyo. Imeshaingia Kiswahilini kwa midomo ya wenyewe, kama kafyu ilivyoingia kabla yake.

La pili ndilo lililonishikisha kalamu.

Mama mmoja wa Bukavu, jirani yangu, alinionyesha karatasi ile akauliza, "Baba, sasa banasema sisi ni ngombe?" Nilimwambia hapana, mama, ni mfasiri aliyeshindwa. Watetezi wa "kinga ya mifugo" hujibu kwamba asili ya istilahi ni mifugo kweli. Ni kweli. Madaktari wa mifugo wa Marekani walikuwa wakiitumia tangu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walipochunguza ugonjwa unaotupisha mimba ng'ombe. Mwaka 1923 Topley na Wilson, wa Manchester, waliiandikia makala baada ya majaribio ya panya. Hakuna aliyedai kwa sababu hiyo kwamba tuiite kinga ya panya.

Na kama tunataka ushahidi wa ng'ombe, tunao nyumbani. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, iliachwa ipite. Iliangamiza mifugo ya Wamaasai, njaa ikafuata, na hakuna mfugaji aliyeiita hali ile kinga. Kinga ilikuja kwa chanjo. Walter Plowright na wenzake waliitengeneza Muguga, Kenya, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa. Kundi lililoachwa liugue lilikufa. Kundi lililochanjwa likawakinga hata ndama ambao hawakuchanjwa.

Hapo ndipo tafsiri mbaya ilipoharibu mjadala wenyewe. Machi 13, 2020 Patrick Vallance, mshauri mkuu wa sayansi wa serikali, alitaja asilimia 60 ya watu kuwa kiwango cha kufikia kinga hiyo. Hesabu yake ni nyepesi: mgonjwa mmoja akiambukiza wawili na nusu, watatu katika kila watano wakiwa na kinga ugonjwa hukosa njia. Kwa surua hufika asilimia 95. Hesabu hiyo haisemi kinga ipatikane kwa kuugua au kwa kuchanjwa. Oktoba mwaka huohuo Sunetra Gupta wa Oxford na wenzake wawili wa Marekani walitoa Azimio la Great Barrington, wakitaka wasio hatarini waishi kama kawaida na dhaifu walindwe. Siku chache baadaye wanasayansi wengine waliwajibu katika jarida la Lancet. Kwa msomaji wa Kiswahili aliyepewa "kufungiwa" upande mmoja na "kinga ya mifugo" upande wa pili, ubishi huo ukageuka kuwa kuchagua kati ya gereza na zizi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam walitupigia simu kutupa pole kwa kufungiwa, nasi tukawapa pole kwa kuachwa wazi. Wachache walijua kwamba lokdauni ni amri, na kwamba ile nyingine ni hali ambayo jamii huifikia, na njia za kuifikia ni zaidi ya moja.

Mimi natetea mkingiano. Kitenzi kinga kina maana pana: tunakinga mvua isitulowanishe, na tunakinga maji ya mvua kwa chombo. Kingia ni kufanya hivyo kwa ajili ya mwingine, na kingiana ni kila mmoja kumfanyia mwenzake. Mkingiano umefuata njia ileile ya ingia, ingilia, ingiliana, mwingiliano, neno ambalo kamati zote hulitumia bila kulalamika. Ndani ya neno moja yumo aliyechanjwa na yumo mtoto mchanga asiyeweza kuchanjwa, na yamo mahusiano yao. "Kinga ya kundi", wanayoitumia wengine, haina hilo. Inaonyesha kundi lenye kinga bila kueleza nani anamkinga nani.

Mpinzani mmoja alinijibu kikaoni kwa methali: kinga na kinga ndipo moto uwakapo, basi "kinga kwa kinga" itatosha. Kinga cha methali ni kijinga cha moto, wingi wake vinga, ngeli ya ki-vi. Ni ukuni unaomwambukiza mwenzake moto, kinyume kabisa cha tunachokitafuta. Mtu anayechanganya maneno hayo mawili hastahili kuamua istilahi za tiba, na nasema hivyo kwa heshima zote.

Matumizi: "Surua imerudi mtaani kwa sababu mkingiano umeshuka."

Desemba 8, 2020, huko Coventry, jirani na sisi, bibi wa miaka 90 alikuwa wa kwanza duniani kudungwa chanjo ya Pfizer nje ya majaribio. Mkingiano wa hiari, usiodai watu waugue kwanza, ulianzia mkononi mwake. Nawaomba wafasiri wa hospitali, wa halmashauri na wa misikiti na makanisa: futeni mifugo katika karatasi zenu, andikeni mkingiano, na mwenye neno bora alilete hadharani kwa jina lake.