Deheni ya Kioo

Kurasini tunaishi ubavuni mwa bandari, hivyo kipako cha kwanza cha kuzuia maji nilichokisikia hakikutoka kwa fundi simu. Kilikuwa deheni: chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, ikasilibwa chini ya jahazi ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Kila baada ya muda chombo kilipandishwa pwani, kikakwanguliwa, kikapakwa upya. Nahodha hakuitegemea deheni ya mwaka jana.

Vipako vya simu vina ukoo mwingine. Mwaka 1938 huko Marekani, Roy Plunkett, mkemia wa DuPont, aligundua kwa bahati unga mweupe usioshikana na kitu, ulioitwa baadaye Teflon. Kemia hiyo ya florini ndiyo iliyozaa vipako vya vioo tunavyovigusa. iPhone 3GS ya mwaka 2009 ilitoka na kioo kinachokataa mafuta ya vidole.

Kinafanyaje kazi? Tazama tone la maji juu ya jani la gimbi: halitandazi, linajikunja na kubingirika. Mwaka 1997 Wajerumani wawili, Barthlott na Neinhuis, walionyesha kwamba tone kama hilo huondoka na vumbi pamoja na mbegu za kuvu. Vijidudu hufika kwenye kioo ndani ya jasho, mate na mafuta ya ngozi. Kipako laini hakiviui. Hupunguza pa kushikilia, kitambaa kikavizoa kwa urahisi. Ila jani li hai, hujitengenezea nta mpya. Kioo hakiwezi.

Tarehe 1 Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Mwisho ulisogezwa hadi 20 Januari 2020, na foleni zikawa ndefu. Kwenye foleni yangu, mbele yangu alisimama mzee aliyekuwa kuli bandarini. Mashine ilimkataa mara tatu.

“Baba, weka cha kati,” wakala akamwambia, huku akifuta kioo kwa pindo la shati.

“Vidole nimeviacha kwenye magunia, mwanangu.”

Kisha nikaweka changu palepale. Haikupita miezi miwili tangu siku ya mwisho, 16 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini, na kioo kile cha wote kikaanza kututisha.

Leo tunauziwa protekta zinazosifiwa kuwa zinazuia vijidudu. Mimi huuliza swali la nahodha: ilipakwa lini? Maana kipako huanza kuisha pale dole gumba linapopita zaidi, yaani pale pale panapochafuka zaidi. Mzee yule alijua msuguano unavyofanya kwa ngozi. Kwa kioo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo nakifuta changu kila jioni, kiwe kipya au kimechakaa, kisha nanawa mikono.