Udongo Usio na Udongo

Mwenye kibaraza asiye na kiwanja, akitaka kupanda nyanya kwenye ndoo chakavu, huulizia "udongo mzuri". Muuza miche atampimia udongo wa viriba, na biashara imekwisha. Jina hilo nalipenda kuliko yote. Kiriba kilikuwa mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Leo ni kile kimfuko cheusi cha nailoni cha kukuzia mche, na watu wa vitalu walilihamisha neno wenyewe bila kusubiri kamati yoyote. Anayetaka kuonekana msomi akaandika "udongo wa vyungu" ameharibu. Udongo wa vyungu ni wa mfinyanzi: mzito, unanata, hukandwa na kuchomwa. Ujaze kwenye ndoo ile uone: maji yatasimama juu, mizizi itakosa hewa, na mnyanya utaanza kuwa wa manjano.

Udongo wa viriba wa kwetu bado ni udongo kweli. Vitalu vingi huchanganya udongo wa juu wa msituni, samadi iliyooza na mchanga, mara nyingi tatu kwa mbili kwa moja, wakipima kwa debe au karai. Uingereza nako walianzia huko huko. Katika miaka ya 1930, kwenye taasisi ya John Innes iliyokuwa Merton, kusini mwa London, watafiti Lawrence na Newell walitafuta mchanganyiko mmoja wa kufaa mimea ya aina nyingi, wakaishia kwenye vipimo 7 vya udongo tifutifu, 3 vya piti na 2 vya mchanga mkubwa. Miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wakautoa udongo wenyewe: nusu piti, nusu vemikulaiti au perlaiti. Tangu hapo mfuko ulioandikwa "udongo" unaweza usiwe na hata chembe ya udongo, na mnunuzi asigutuke.

Sasa hii piti. Ni mabaki ya mimea, hasa kuvumwani za jamii ya sfagnamu, yaliyolala kwenye vinamasi vya nchi za baridi bila kuoza sawasawa kwa sababu maji yameyanyima hewa. Hukua kwa milimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo kina cha mita moja ni kazi ya miaka kama elfu. Madukani huitwa pitimosi. Mosi hiyo si ile ya kuhesabia, wala pitipili haipo. Wanyarwanda wana neno lao, nyiramugengeri, na wanalitumia kila siku, maana kwao piti huchimbwa ikachomwa kuzalisha umeme. Kongo nako, ramani iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha piti imetanda kilomita za mraba zipatazo 145,000 katika bonde la kati. Kwa hiyo si kitu cha wageni peke yao.

Wapo wanaopendekeza tuiite "mboji ya kinamasi". Linapendeza sikioni, lakini mimi silikubali. Mboji imeoza ikaiva. Ishike, inuse, ina harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Piti haikuiva. Mboji hulisha mmea, piti hailishi, au inalisha kidogo mno. Anayeziita kwa jina moja atapanda mchicha kwenye piti tupu, kisha alalamike kwamba mbegu ni mbovu.

Rangi nayo hudanganya. Tumezoea kuona udongo mweusi tukasema una rutuba, ingawa udongo wa mbuga nao ni mweusi na ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Lakini neno lenyewe, rutuba, lina historia inayonifurahisha. Waarabu tuliolichukua kwao wanalitumia mpaka leo kwa maana ya unyevunyevu, na kamusi kongwe za Kiswahili ziliandika hivyo hivyo. Mkulima wetu ndiye aliyelisogeza: penye unyevu panaota, panapoota pana chakula cha mmea, basi pote pakawa na rutuba. Kwa maana ya leo piti haina rutuba. Kwa maana ya zamani hakuna kitu bustanini kinachoishinda, kwani hubeba maji mara nyingi zaidi ya uzito wake mkavu na bado ikaacha nafasi ya hewa.

Ikiwa kavu kabisa, hata hivyo, inayakataa maji. Imwagie, yatateleza pembeni na vumbi libaki kavu katikati. Tumia maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, huku ukifikicha kwa vidole mpaka irudi hali yake. Kisha changanya debe moja la piti, nusu debe ya mboji iliyochekechwa na nusu debe ya perlaiti. Perlaiti ni kioo cha volkano kilichopashwa moto kikafura, kama bisi. Ukiikosa, pumba za mpunga zinafaa. Piti ina uchachu mwingi, basi huongezwa chokaa, vijiko vinne hivi vya chakula kwa debe la piti. Na hapa neno linatutega tena. Chokaa ya kupakia ukuta, iliyochomwa tanuuni, ni kali na inaweza kuunguza mizizi. Inayotakiwa ni chokaa ya kilimo, yaani jiwe la chokaa lililosagwa tu. Mwambie muuzaji hivyo, usiseme "chokaa" ukanyamaza. Mwisho fumbata konzi moja uiminye: yatoke matone mawili matatu, na donge liguswapo kwa kidole lisambaratike.

Mtu wa pwani hana haja ya kununua kinamasi cha ng'ambo. Kinachouzwa kwa jina la kokopiti ni unga unaobaki makumbi ya nazi yanapopigwa kutoa usumba. Wanawake wa mashariki ya Unguja hufukia makumbi kwenye mchanga wa ufukweni miezi mingi, huyafukua, huyaponda kwa magongo, na nyuzi wakazisokota kamba. Ule unga hupukutika chini. Kuuita piti ni kuupa nasaba isiyo yake. Ni unga wa makumbi. Uchachu wake ni mdogo, chokaa hauhitaji, ila kama makumbi yalilowekwa baharini lazima uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa, chumvi itoke.

Mifuko mingine huandikwa "hai". Neno hilo, la kilimo hai, halina ugomvi: Afrika Mashariki ina viwango vyake vya mazao ya kilimo hicho tangu mwaka 2007 na nembo ya Kilimohai. Lakini neno hai kwenye mfuko halimwambii mnunuzi kuna nini ndani.

Ombi langu ni kwa wanaofunga mifuko hiyo. Acheni "udongo bora" na "udongo maalumu". Andikeni unga wa makumbi uliooshwa, mboji, pumba za mpunga, na kila kimoja kiasi gani. Mnunuzi atajua mwenyewe la kuongeza.