Unukuzi na tafsiri ndani ya seli

Safari ya kutoka jeni hadi protini ina hatua mbili kuu, na Kiswahili kinaziita unukuzi na tafsiri. Wengi huzichanganya, ilhali majina yenyewe yanazitenganisha vizuri.

Anayenukuu huyaandika upya maneno yaleyale kwa lugha ileile. Ndani ya kiini cha seli, kimeng'enya hufungua sehemu ya DNA yenye jeni inayotakiwa, kisha huunda nakala yake ya RNA. Herufi hazibadiliki, isipokuwa thimini (T), ambayo nafasi yake huchukuliwa na urasili (U). DNA hubaki kiinini. Nakala ndiyo inayotoka.

Nakala hiyo ikifika kwenye ribosomu, lugha hubadilika. Maandishi ya herufi nne sasa yanageuzwa kuwa mnyororo wa asidi amino, ambazo ziko 20. Ribosomu husoma herufi tatu tatu, na kila kundi la tatu huitwa kodoni. Kodoni ziko 64: 61 hutaja asidi amino, na tatu zilizobaki, UAA, UAG na UGA, huamuru kazi isimame. Ya kwanza kufumbuliwa ilikuwa UUU. Mwaka 1961 huko Bethesda, Marekani, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitumia RNA yenye U tupu, wakapata mnyororo wa fenilalanini tupu.

Neno tafsiri lina jambo moja la kuangalia. Kwetu, anayetafsiri Kurani hufafanua pia, na mfasiri wa riwaya huchagua neno analoona linafaa. Ribosomu haina hiari hiyo. Ikikuta GAG huweka asidi ya glutamiki, hata kama protini itakayotoka itamdhuru mwenye mwili. Kwa maoni yangu neno libaki, ila lifundishwe kwa maana hiyo finyu.

Selimundu inalionyesha hilo waziwazi, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Katika jeni ya mnyororo wa beta wa himoglobini, herufi moja imebadilika, na kwenye nakala ya RNA kodoni GAG inasomeka GUG. Unukuzi umefanyika sawasawa, tafsiri nayo sawasawa. Kilichobadilika ni maandishi ambayo mtoto amerithi kwa baba na mama. Hivyo katika nafasi ya 6, kati ya asidi amino 146, pamekaa valini. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hushikamana ikawa nyuzi ndefu, na chembe nyekundu ya damu hupinda mfano wa mundu.

Mwalimu wa biolojia, hata kama kitabu chake ni cha Kiingereza, na aanzie hapa: wanafunzi waandike GAG, waibadili herufi ya katikati iwe U, kisha watafute wenyewe kwenye jedwali la kodoni ni asidi amino ipi wameipata.