Zumari la Kiwiko: Jina Lililokosewa Asili Likashika

Sisi wapenda lugha tuna mazoea ya kuuliza kila neno limetoka wapi. Aghalabu tunaamini kwamba jibu sahihi likishapatikana, jibu potofu litajiondokea lenyewe. Historia ya ala moja ya muziki ya Ireland inatuonyesha kwamba mambo hayaendi hivyo kila mara. Jina ambalo ala hiyo inaitwa leo duniani kote lilienezwa na mwanazuoni aliyekosea, nalo likaota mizizi hata wale waliolifichua kosa wakaendelea kulitumia.

Ala yenyewe huitwa uilleann, neno la Kiairishi linalotamkwa karibu na "ilen", na maana yake ni "ya kiwiko". Kwa kuwa Kiswahili hakijaipa jina, katika makala haya nitaiita zumari la kiwiko.

Msomaji asilifananishe na zumari la Waskoti, ambalo mpigaji hulijaza kwa pumzi ya kinywa huku akitembea kwa miguu. Mpigaji wa Ireland huketi kitini. Chini ya mkono mmoja hufunga mvukuto mdogo kwa mikanda, na chini ya mkono wa pili hukumbatia mfuko wa ngozi. Kiwiko cha kwanza huukandamiza mvukuto ili hewa iingie mfukoni; kiwiko cha pili huuminya mfuko ili hewa itoke kwa kipimo kuelekea kwenye mirija. Kinywa hakina kazi. Faida ya mpango huu ni ukavu. Pumzi ya binadamu hubeba unyevu unaoharibu ndimi za tete ndani ya mirija, ilhali hewa ya mvukuto ni kavu. Kwa hiyo fundi anaweza kuzichonga ndimi hizo ziwe nyembamba na laini, na sauti ikawa ya upole, ya kusikilizwa sebuleni.

Mirija iko ya aina tatu. Wa kwanza ni mrija wa wimbo, wenye matundu ya vidole. Mpigaji huuegemeza gotini, juu ya kipande cha ngozi. Akiyafunga matundu yote na kuuziba mdomo wake pale gotini, sauti hukatika, na akiongeza mkandamizo wa mfuko, sauti huruka kwenda ngazi ya juu. Aina ya pili ni mirija mitatu ya mvumo, ambayo hushikilia sauti moja bila kukoma. Aina ya tatu ni mirija mitatu yenye vibonyezo vya shaba, ambayo mpigaji huibonyeza kwa ukingo wa kiganja huku vidole vikiendelea na wimbo. Mirija hii hunyamaza mpaka ibonyezwe, kisha hujibu kwa sauti kadhaa kwa pamoja. Anayejua ngoma zetu ataelewa upesi: yuko kiongozi wa wimbo, uko mvumo usiokatika, na wako waitikiaji, na wote wanatoka kwa mtu mmoja aliyeketi.

Si ajabu basi kwamba Waairishi husema mpigaji huiva kwa miaka 21: saba ya kujifunza, saba ya kufanya mazoezi, na saba ya kupiga. Kazi ya fundi nayo si nyepesi. Hukereza mti mgumu uliokaushwa kwa muda mrefu, kisha hulichimba tundu la mrija wa wimbo ili lipanuke kidogo kidogo kuelekea mwisho. Kosa lisiloonekana kwa jicho hutosha kuipotosha sauti. Ndimi huchongwa kwa matete yanayoota katika nchi za Bahari ya Kati, kama vile Hispania. Vipande viwili vyembamba hufungwa kwa uzi juu ya kijibomba kidogo cha shaba, kisha hukwanguliwa kwa subira mpaka viitike. Ulimi ulioitika vyema katika unyevu wa Ireland huweza kugoma ukifikishwa katika nyumba kavu za Marekani.

Tulirudie jina. Ala hii ilikua katika karne ya 18, na mwanzoni haikuhusishwa na kiwiko. Mpigaji Denis Courtney alipowavutia watu wa London mwaka 1788 na miaka iliyofuata, ala yake ilitangazwa kwa Kiingereza kwa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "zumari la muungano". Mwanzoni mwa karne ya 19 mpigaji mwingine, O'Farrell, alichapisha mjini London kitabu cha mafunzo na nyimbo kilichobeba jina hilohilo. Wako waliodhani kwamba muungano uliotajwa ni ule wa kisiasa, ambao kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1801 uliifanya Ireland iwe chini ya bunge moja na Uingereza. Tarehe zinaikataa dhana hiyo: jina lilikuwapo kabla ya sheria. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba muungano huo ni wa sauti, yaani mirija yote kupatana.

Kisha yakaja maafa. Njaa Kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Wapigaji na mafundi walikuwa miongoni mwao. Ndugu wawili wa ukoo wa Taylor, kutoka Drogheda, walihamishia ufundi wao Philadelphia, na huko wakaunda ala zenye sauti kubwa zaidi zilizofaa kumbi za Marekani. Nyumbani, wazee walizeeka bila wanafunzi. Mwamko wa utamaduni ulipofika, chama cha kutetea lugha ya Kiairishi kikaundwa mwaka 1893, na klabu ya wapigaji ikaanzishwa Dublin mwaka 1900. Wenye mwamko huo walijikuta na ala ya kitaifa yenye jina la Kiingereza, tena jina lililonuka siasa waliyoichukia.

Hapo ndipo alipojitokeza W. H. Grattan Flood, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Enniscorthy na mwandishi wa historia ya muziki. Alidai kwamba neno la Kiingereza la muungano lilikuwa tu matamshi yaliyopotoka ya neno la kale la Kiairishi, uilleann. Kwa ushahidi akamtaja Shakespeare. Katika tamthilia ambayo sisi tunaijua kwa jina la Mabepari wa Venisi, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, Shylock akiwa mahakamani anataja watu wasioweza kuvumilia sauti ya zumari, nalo analiita zumari la sufu. Flood akasema: hiyo si sufu, ni uilleann iliyosikiwa vibaya na Mwingereza.

Hoja inapendeza, lakini haisimami. Tamthilia hiyo ilichapishwa mwaka 1600, na ushahidi thabiti wa zumari la mvukuto nchini Ireland ni wa baadaye sana. Watafiti waliofuata, akiwamo Nicholas Carolan, walipekua magazeti na vitabu vya karne ya 18 na kuonyesha kwamba jina la muungano ndilo la zamani.

Hata hivyo jina la Flood lilishinda. Nadhani sababu ni mbili. Kwanza, liliipatia ala uraia wa lugha yake: Mwairishi aliyelitamka alihisi anasema neno la babu zake. Pili, ingawa nasaba yake ilikuwa ya uongo, maana yake ilikuwa ya kweli. Yeyote aliyemwona mpigaji kazini anajua kwamba roho ya ala iko viwikoni. Kosa la historia lilitoa maelezo sahihi ya ufundi.

Lakini jina peke yake halikuiokoa ala. Waliiokoa watu. Leo Rowsome, aliyezaliwa mwaka 1903 katika ukoo wa wapigaji na mafundi, aliziunda ala na kufundisha mjini Dublin mpaka alipofariki mwaka 1970. Johnny Doran, mpigaji wa jamii ya wasafiri walioishi katika magari ya kukokotwa na farasi, alirekodiwa na Tume ya Ngano ya Ireland mwaka 1947. Miezi michache baadaye ukuta uliangukia gari alimokuwa akiishi ukamjeruhi vibaya, na mwaka 1950 akafariki. Rekodi hizo ndizo pekee za sauti yake, na wapigaji wa leo bado wanajifunza kwazo. Mwaka 1968 waliobaki walikusanyika Bettystown na kuanzisha chama cha Na Píobairí Uilleann, "Wapiga Zumari la Kiwiko". Wakati huo wapigaji walihesabiwa kuwa hawafiki 100. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza upigaji huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa jina lilelile la Flood.

Naomba nimalizie kwa mti, maana hapo habari hii inatugusa. Mafundi wa kale wa Ireland walikereza miti myepesi kwa rangi na mieusi pia, wakaipamba kwa pembe za ndovu. Wengi wa leo hupenda mti mmoja mweusi, mzito, usiopokea unyevu kwa urahisi: ni mpingo wetu, ule wa Kilwa na Lindi, ambao Wamakonde huuchonga vinyago. Huchukua miongo mingi kukomaa. Katika masoko ya ala za muziki huuzwa kwa majina ya kigeni, na mara nyingine huchanganywa na mti mwingine kabisa, mwebani wa jamii tofauti. Mpigaji wa Dublin aweza kuukumbatia maisha yake yote asilisikie jina lake.

Waairishi walikuwa na ala, wakaitafutia jina la kwao, hata kwa njia ya makosa. Sisi mti tunao, na jina lake la kweli tunalo, lisilohitaji kubuniwa nasaba. Kinachohitajika ni kulitamka na kuliandika kila mti huo unapotajwa, ili safari ijayo mpingo ukivuka bahari, uvuke na jina lake.