Motokaa ya Tundu la Ndege

Ufukara aghalabu huua kazi ya fundi. Mara chache humfundisha. Habari ya motokaa ya Maserati Tipo 61 ni ya mara hizo chache. Mwaka 1957 kampuni ya Maserati, ya mji wa Modena katika Italia, ilifika kileleni na kuporomoka. Juan Manuel Fangio alitwaa ubingwa wa dunia kwa gari lake. Lakini mwezi Novemba, katika mashindano ya Caracas, magari yake makubwa yaliharibika, na uhaba wa fedha ukailazimisha kampuni kujitoa mashindanoni. Tangu hapo iliwaundia wateja.

Mhandisi Giulio Alfieri hakutafuta injini ya nguvu nyingi, bali aliupunguza mzigo ambao injini ingeuvuta. Badala ya mabomba machache manene, aliunga mirija ya chuma ipatayo 200, myembamba kama kidole, ikapandana kwa pembetatu. Hekima yake ni hii: kiunzi cha pembe nne kikisukumwa hulala upande, lakini pembetatu haipotoki mpaka mmoja wa mbavu zake urefuke, ufupike au ukatike. Hivyo mirija ilivutwa au ilisukumwa zaidi kuliko kupindwa, na kupindwa ndiko kunakoushinda upesi mrija mwembamba. Umbo hilo, lililoonekana kwanza mwaka 1959, likaitwa tundu la ndege.

Injini ya silinda nne, yenye ujazo wa lita 2.9, ililazwa nyuzi 45 ili pua ya gari ishuke. Ilitoa nguvu za farasi karibu 250, na gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 600 hivi.

Mwaka 1960, katika mbio za kilomita 1,000 za Nürburgring, Ujerumani, bomba la mafuta lilikatika na muda mwingi ukapotea. Hata hivyo Stirling Moss na Dan Gurney walishinda. Mwaka 1961 Masten Gregory na Lloyd Casner walishinda hapo hapo. Lakini Le Mans, mwaka 1960, gari lililotangulia mwanzoni lilichelewa kituoni kwa sababu ya kiwashio cha injini, na mwisho halikumaliza. Kamba hukatikia pabovu: mirija 200 ilistahimili, kitu kidogo kikashindwa.

Baadaye magari yenye injini nyuma ya dereva yaliipita motokaa hiyo. Hata hivyo inathibitisha kwamba hesabu njema yaweza kushika mahali pa mali, ingawa haiwezi kushika mahali pa uangalifu.