Kabla Hujacheka Biskuti za Malenge

Kila ikifika Oktoba, simu yangu inajaa malenge. Wapishi wa Marekani ninaowafuata mtandaoni wanavaa sweta nzito, majani yanapukutika nyuma yao, na mezani kuna trei ya biskuti za malenge zenye wanga kidogo, bila unga wa ngano wala sukari. Kwao ndio msimu wenyewe. Kwetu Oktoba ni kusubiri mvua ya vuli na kulalamika bei ya nyanya.

Kwa hivyo nilipoanza kuzioka hapa nyumbani, marafiki walinicheka sana. Ati nimekuwa mzungu. Ati biskuti bila unga ni uongo. Sawa, chekeni. Lakini mimi sikuanza kwa sababu ya mitindo. Nilianza kwa sababu mama yangu aligunduliwa ana sukari. Alipewa dawa, na karatasi ya kumwambia apunguze ugali, apunguze chapati na mkate, aache sukari. Aliisoma yote, akaikunja, akaniuliza, "Sasa chai ya saa kumi nitakunywa na nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta, na nilichopata kimenifanya niamini kwamba biskuti hii tunayoiita ya wazungu inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na malenge yenyewe. Hiyo si mboga ya Ulaya. Mbegu za zamani sana za jamii ya maboga zilizopandwa na binadamu zilipatikana kwenye pango la Guilá Naquitz, Oaxaca, nchini Mexico, na zina umri wa kama miaka 10,000. Wenyeji wa Amerika Kaskazini walikuwa wakipanda mahindi, maharagwe na maboga pamoja katika shamba moja. Mahindi yanasimama, maharagwe yanapanda juu ya bua, na majani ya boga yanafunika udongo usikauke. Wahaudenosaunee wanaiita mimea hiyo Dada Watatu.

Sasa fikiria shamba la shosho yako. Mahindi, maharagwe, na malenge yakitambaa chini, si ndio? Mazao yote matatu yalitoka Amerika, yakavuka bahari baada ya 1492, na leo tunayaita chakula cha kienyeji. Majani ya malenge yako ndani ya mukimo. Hakuna anayeuliza kama mukimo ni wa kizungu.

Walowezi wa Kiingereza walipofika Amerika, boga ndilo lililowasaidia ngano ilipokuwa adimu. Halikuwa chakula cha maringo hata kidogo. Mwaka 1796, mwanamke aliyeitwa Amelia Simmons, aliyejitambulisha kama yatima wa Kimarekani, alichapisha kitabu cha mapishi huko Hartford, Connecticut. Ndani yake kuna mapishi mawili ya boga lililochanganywa na mayai, maziwa au malai, na tangawizi, kisha likaokwa ndani ya ukoko wa unga. Kitabu hicho pia ni kati ya vitabu vya kwanza kuchapisha neno ambalo Wamarekani wanaitia biskuti, "cookie", walilolichukua kwa Waholanzi, na maana yake ni keki ndogo tu.

Halafu siasa ikaingia. Sarah Josepha Hale, mhariri wa jarida la akina mama, alipigania kwa miaka mingi sikukuu ya shukrani iwe ya taifa zima. Rais Lincoln alikubali mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Pai ya malenge ilikuwa chakula cha sikukuu hiyo huko kaskazini, na wengi wa kusini waliiona sikukuu yenyewe kama mambo ya watu wa kaskazini waliokuwa wakipinga utumwa.

Hapo ndipo Pwani yetu inaingia, na stori inakuwa chungu. Ile harufu ya biskuti za malenge hutoka kwa mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Na karne ya 19, karafuu ilikuwa Zanzibar. Marekani ilitia sahihi mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na kufikia 1837 ilikuwa na konseli wake Unguja, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba, ndiyo maana mpaka leo tuna neno merikani. Zikirudi, zilibeba pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa, na wengi wao walitolewa bara. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini sheria ya kuondoa utumwa wenyewe ilikuja 1897.

Kwa hivyo wakati kaskazini mwa Marekani watu walikuwa wakila pai ya sikukuu na kuzungumza uhuru, meli za kwao zilikuwa zikirudi na karafuu zilizochumwa na watu wasio huru. Mtu akiniambia hiyo harufu ni ya wazungu, namuuliza, ilichumwa na nani?

Mambo mengine yalikuja juzi tu. Kampuni ya McCormick ilianza kuuza viungo vya pai ya malenge vikiwa vimeshachanganywa mwaka 1934. Starbucks wakaleta kahawa yao yenye viungo hivyo mwaka 2003, na Oktoba ikageuka kuwa biashara. Hiyo ndiyo sehemu tunayoiona kwenye simu.

Sasa tuje kwa wanga, maana hapa ndipo nilipopata jibu la mama. Wengi tunadhani kukata wanga ni mtindo wa watu wanaotaka kiuno chembamba. La. Kulianza kama chakula cha mgonjwa wa sukari. Mwaka 1797 daktari wa jeshi, John Rollo, aliandika jinsi alivyomtibu ofisa mwenye kisukari kwa kumpa nyama na mafuta na kumnyima vyakula vya nafaka. Kule Paris, Apollinaire Bouchardat akatengeneza mkate wa gluteni, yaani mkate ulioondolewa wanga mwingi. London, daktari Frederick Pavy akawapa wagonjwa wake vyakula vya kuoka vya unga wa lozi.

Unga wa lozi! Huo huo unaouona kwenye video za Oktoba. Ulianza kutumika kwa sababu wagonjwa wa zamani walikuwa na swali la mama yangu. Walitaka kitu cha kutafuna, kitu kinachofanana na mkate wa watu wengine mezani.

Kutoka kwa kisukari ndipo wazo likahamia kwa unene. William Banting, fundi wa mazishi wa London, alikuwa mnene kiasi cha kushindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Daktari wake, William Harvey, alikuwa amesikiliza mihadhara ya kisukari huko Paris, akamkataza mkate, sukari, bia na viazi. Banting akapungua, na mwaka 1863, mwaka uleule wa tangazo la Lincoln, akachapisha kijitabu chake. Kiliuzwa sana hadi Waswidi wakapata neno "banta", yaani kujinyima chakula ili upungue. Robert Atkins alipotoa kitabu chake Marekani mwaka 1972, wazo lilikuwa na zaidi ya miaka mia moja.

Ila tusidanganyane. Chakula peke yake hakikutosha. Watoto wenye kisukari walikuwa wakifa hata wakinyimwa kila kitu. Kilichobadilisha mambo ni insulini, iliyogunduliwa Toronto mwaka 1921 na Frederick Banting na Charles Best. Januari 1922 ikadungwa kwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, naye akaendelea kuishi. Kwa hivyo mtu akikuuzia biskuti au unga wowote akisema utaacha dawa, kimbia. Mama yangu anakula biskuti zangu na anameza dawa zake.

Na je, hesabu inakubali? Gramu 100 za malenge mbichi kwa kawaida zina wanga wa kama gramu 6 au 7, maana sehemu kubwa ni maji. Unga wa mahindi kiasi hicho una zaidi ya gramu 70. Unga wa lozi una kama 20, na nusu yake ni nyuzinyuzi. Shida ni bei ya lozi, kwa hivyo mimi natumia njugu karanga, naikaanga kidogo na kuisaga mwenyewe. Malenge naipika kwa mvuke, naiponda, naikamua maji kwa kitambaa safi, halafu naongeza yai, mdalasini na karafuu kidogo sana. Sina oveni. Naoka kwenye sufuria iliyofunikwa, makaa chini na juu ya kifuniko.

Trei ya kwanza ilivunjika yote. Ya pili mama aliionja, akanyamaza, akasema, "Si mbaya. Lakini usiniambie hii ni biskuti." Kisha akachukua nyingine. Siku hizi saa kumi ikifika ananiuliza kama zimebaki.

Msimamo wangu ni huu. Hatuhitaji kuigiza majani ya Marekani, lakini pia tusikatae chakula kwa kudhani ni cha wenyewe. Malenge tunayo shambani, karafuu iko Pwani, na wagonjwa wa sukari wako katika kila ukoo. Kumpa mgonjwa karatasi ya makatazo ni rahisi. Kazi iko kwa kumtafutia kitu cha kuweka kando ya kikombe.

Hebu niambie, kwenu anayeugua sukari anakunywa chai na nini?