Tundu Tatu Ukutani

Mashine ya kunyoa ya kaka yangu ilifanya kazi kwa sekunde chache tu. Shangazi alikuwa ameitoa Marekani, imefungwa ndani ya soksi katikati ya sanduku, na kaka alikuwa ameshalipa kodi ya mwezi wa kwanza ya kibanda cha kinyozi. Mteja wa kwanza alikuwa baba. Alikaa, akafungwa taulo shingoni, kaka akachomeka plagi. Mashine ikanguruma vibaya, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Baba akainuka na mstari mmoja wa upara juu ya sikio.

"Lakini niliweka adapta," kaka akasema.

Kweli aliweka. Miguu miwili bapa ya plagi ya Kimarekani iliingia vizuri kwenye adapta, na adapta ikaingia vizuri ukutani. Shida ni kwamba adapta hubadilisha umbo tu, haigusi nguvu ya stima. Mashine ilitengenezwa kwa volti 120. Ukuta wetu una 240.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: hizi volti nani alituamulia?

Thomas Edison alipowasha kituo chake cha Pearl Street, New York, mwaka 1882, alichagua takriban volti 110, kiasi kilichofaa balbu zake. Wamarekani wakajenga juu ya hapo, na vyombo vilipojaa majumbani, kubadilisha kukawa ghali mno. Ulaya bado ilikuwa na wateja wachache. Mwaka 1899 kampuni ya umeme ya Berlin ilihamia volti 220, kwa sababu ukiongeza volti maradufu, waya uleule hupitisha nguvu maradufu. Wengine wakafuata njia hiyo.

Kwetu stima ilikuja kupitia bahari. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alinunua jenereta ya Sultani wa Zanzibar na kuihamishia Mombasa. Mwaka huohuo Nairobi nayo ikapata kampuni yake, na mwaka 1922 hizo mbili zikaungana kuwa East African Power and Lighting. Tulikuwa chini ya Mwingereza, kwa hivyo vipimo vikawa vyake.

Hata zile tundu tatu za mstatili zilitoka kwake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliunda kamati ya kufikiria umeme wa nyumba zitakazojengwa amani ikirudi. Shaba ilikuwa adimu. Wakapendekeza waya unaozunguka nyumba na kurudi ulikoanzia, ili shaba kidogo ihudumie soketi nyingi. Kwa kuwa soketi hizo zinategemea waya mmoja, kila plagi ikapewa fyuzi yake ndani. Kwenye kamati hiyo alikuwamo mwanamke mmoja, Caroline Haslett, aliyejali sana usalama wa nyumbani. Kipimo kilitangazwa mwaka 1947: mguu mrefu wa juu uingie kwanza, ufungue vifuniko vya tundu mbili za chini, ili mtoto asichomeke msumari humo.

Sasa, nani kati yetu haijui hila ya kalamu? Unaisukuma kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, unaingiza chaja ya miguu miwili ya mviringo. Tunavunja kwa kalamu ya shilingi chache ulinzi ambao watu waliukalia vikao katikati ya vita. Ni hatari, na nimeifanya mara nyingi.

Ukivuka hadi Bujumbura utakuta tundu za mviringo. Huko alitawala Mbelgiji. Bendera zilishushwa, tundu zikabaki, maana kubomoa kila ukuta ni gharama ambayo hakuna serikali inayotamani.

Siku hizi chaja nyingi za simu zimeandikwa 100–240V, na hizo adapta ya kawaida inazitosha. Mashine ya kunyoa, pasi au birika la 120 pekee linahitaji transfoma inayoweza kubeba wati zake. Kaka hakuwa na pesa ya transfoma. Alikopa, akanunua mashine ya hapa Nairobi, akamaliza kichwa cha baba jioni ileile.

Shangazi alipopiga simu kuuliza zawadi inaendeleaje, kaka alimwambia inanyoa vizuri sana. Iko juu ya kabati mpaka leo, ndani ya soksi yake.